Nilienda kupima macho, nikaambiwa nina presha. Wewe namba zako unazijua?

#1 Winga Mkongwe

Wakuu, salaam.

Nina miaka 44. Mwili wangu ni wa kawaida, sivuti sigara, na kila wiki naingia uwanjani na vijana walionizidi pumzi ila hawajanizidi akili ya mpira. Kilichonipeleka kliniki ni macho. Nilishafikia hatua ya kusoma simu nikiwa nimenyoosha mkono wote, nikajua miwani hainiepuki tena.

Mtaalamu akazima taa, akanimulika ndani ya jicho na kile kimwanga chake, halafu akanyamaza. Nikadhani anatafuta namna ya kuniambia nina mtoto wa jicho. Akauliza, "Presha yako huwa ngapi?"

Nikamjibu niko sawa.

"Sijakuuliza kama uko sawa. Nimekuuliza ni ngapi."

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba nyuma ya jicho ndipo mahali ambapo daktari anaweza kuitazama mishipa ya damu kwa macho yake bila kumpasua mtu, na kwamba ya kwangu imebana, tena pale ateri inapokatiza juu ya vena inaiminya. Hali hiyo haiji kwa wiki moja. Akamwita nesi. Kipimo cha kwanza: 172/106. Nikamwambia mashine yako mbovu. Nesi wala hakubishana, akajifunga mkanda mwenyewe, ikasoma 121/78. Akanirudishia mimi: 168/104.

Tangu siku hiyo nalala vibaya. Mishipa imebana muda wote huo na mimi nafunga magoli! Kichwa hakijauma, kizunguzungu sina, moyo haujawahi kunienda mbio bila sababu. Kumbe miaka yote nilidhani presha ni kitu mtu anakisikia, kama njaa.

Swali langu: bila kwenda kutafuta cheti chochote, ukiulizwa sasa hivi presha yako mara ya mwisho ilikuwa ngapi, na ilikuwa lini, utajibu? Semeni kweli, humu hatujuani.

#2 Kipepeo Mweusi

Sijui. Miaka 38. Aibu yangu naibeba mwenyewe.

#3 Fundi Saa

126/80, mwezi uliopita. Lakini nisijisifu, sikuifuata. Nilienda kuchangia damu, na pale hawakutoi hata tone kabla hawajakupima.

#4 Mama Wawili

Mara ya mwisho nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili. Sasa ana miaka sita. Namba siikumbuki, nakumbuka tu kwamba waliitaja kwa sauti ya chini halafu wakaanza kukimbia.

#5 Jogoo la Zamu

Nyuzi za namna hii ndizo zinazoleta hiyo presha. Mimi nina miaka 51, sijawahi kulazwa, nalala fofofo, nikipanda ngazi wanangu ndio wanaoomba tupumzike. Mtu akijisikia mzima ni mzima. Ukitafuta ugonjwa utaupata tu, hospitali hawakosi cha kukupa.

#6 Fundi Saa

Jogoo mkuu, umesoma posti namba moja au umeruka? Mleta uzi alikuwa anajisikia hivyohivyo.

#7 Nesi wa Usiku

Naingia baada ya zamu, mnivumilie kama nitaandika kirefu.

Jogoo, kaka yangu, na afya yako sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na kipimo unachotumia. Presha ikipanda taratibu kwa miaka, hakuna kengele inayolia. Ubongo, figo na moyo vinajizoesha na hali mpya kimyakimya. Nina miaka 22 kazini, na wengi wanaokuja wameshika kichwa wakisema "presha imepanda hii" nikiwapima nakuta wako vizuri, kichwa kina mambo yake mengine. Wale ninaowakuta na 180 mara nyingi wamekuja kumsindikiza mgonjwa.

Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 yalisema watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia 46 kati yao hawakujua. Waliodhibitiwa sawasawa walikuwa kama mmoja katika kila watano. Kwa hiyo, Winga, ulikuwa kwenye foleni ndefu sana.

Kuhusu namba zenyewe: ya juu ni msukumo wa damu moyo unapojikamua. Ya chini ni msukumo uliobaki ndani ya mishipa wakati moyo umelegea ukijaa upya. Tunazihesabu kwa milimita za zebaki, ingawa mashine nyingi siku hizi hazina hata chembe ya zebaki. Kliniki nyingi husema una presha ukifika 140/90 au zaidi katika siku mbili tofauti. Wamarekani tangu 2017 wameshusha mstari hadi 130/80.

Moyo ni msuli. Ukiupa mzigo mzito kila pigo, mchana na usiku, unanenepa kama mkono wa mbeba mizigo. Tatizo ni kwamba unanenepea ndani, chumba cha damu kinapungua nafasi, kuta zinakakamaa, na baadaye msuli wenyewe unachoka. Huyo ndiye mtu anayeanza kulalia mito mitatu usiku kwa sababu akilala bapa pumzi inakata, na miguu inavimba jioni. Alikuwa "mzima" miaka 15 kabla ya hapo.

Winga, maswali mawili. Umepangiwa vipimo vingine? Ningetarajia mkojo uangaliwe kama una protini, damu iangaliwe figo, potasiamu, sukari na lehemu, na moyo upigwe kile kipimo cha umeme chenye michirizi. La pili: una dawa yoyote ya maumivu unayotumia?

#8 Winga Mkongwe

Nesi umenishtua. Vipimo nimepangiwa wiki ijayo. Dawa ya maumivu ninayo, goti langu la kulia lina historia. Natumia diklofenaki, karibu kila siku, miezi saba sasa. Kliniki hawakuniuliza na mimi sikudhani inahusika, goti liko huku na moyo uko kule.

#9 Nesi wa Usiku

Ndiyo maana nimeuliza. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hufanya figo zishikilie chumvi na maji, na presha inapanda. Kwa mwenye moyo au figo dhaifu ni balaa kabisa. Zipo na nyingine watu hawazihesabu kama dawa: za mafua zenye kuzibua pua, steroidi, baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mwambie daktari wako kuhusu hiyo ya goti kabla hajakuandikia chochote. Usije ukaandikiwa dawa ya kushusha kitu ambacho dawa nyingine inakipandisha.

Simaanishi goti ndilo chanzo chote. Mishipa ya macho kufikia hapo ni safari ya zaidi ya miezi saba.

#10 Kipepeo Mweusi

Swali la mjinga. Mimi nikiwa na 134/84, nikipanda ndege kwenda Marekani natua nikiwa mgonjwa?

#11 Nesi wa Usiku

Nimecheka peke yangu kwenye gari. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Mstari umechorwa na watu ili wajue nani aanze dawa. Mwili wenyewe hauna mstari, una mteremko. Takwimu za watu zaidi ya milioni moja zilizokusanywa na kuchapishwa 2002 zilionyesha kwamba kuanzia 115/75, kwa watu wa miaka 40 hadi 69, kila namba ya juu ikiongezeka 20 au ya chini ikiongezeka 10, uwezekano wa kufa kwa kiharusi au ugonjwa wa moyo unaongezeka mara mbili. Ukiwa na 134 huna haja ya kukimbilia vidonge, ila usiseme uko sawa na mwenye 114.

#12 Msomi wa Kale

Mada hii inanikumbusha Franklin Roosevelt, rais wa Marekani wakati wa vita vya pili vya dunia.

Machi 1944 daktari wa moyo kijana, Howard Bruenn, alimpima akakuta 186/108 na moyo umeshapanuka. Daktari mkuu wa rais, Ross McIntire, ambaye utaalamu wake ulikuwa pua na koo, akaendelea kuwaambia wananchi kwamba rais yuko vizuri kwa mtu wa umri wake. Februari 1945 Roosevelt akaenda Yalta kugawana dunia na Churchill na Stalin. Zitazameni picha za mkutano ule, uso umeisha. Tarehe 12 Aprili 1945 alikuwa amekaa akichorwa picha, akalalamika kichwa kinamuuma vibaya sana, akaanguka. Walipompima, presha ilikuwa imepita 300/190. Akafa siku hiyohiyo kwa damu kuvujia kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 63.

Kinachonishangaza ni kwamba hata yule kijana Bruenn asingeweza kufanya mengi. Dawa za maana hazikuwepo, na madaktari wengi wa wakati ule waliamini presha ikipanda ni kwa sababu mwili unaihitaji, ili isukume damu kwenye mishipa iliyokakamaa. Ushahidi mzito ulikuja 1967, kwenye utafiti wa Edward Freis na wenzake kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani. Wanaume 143, wote namba ya chini ni kati ya 115 na 129. Nusu walipewa dawa, nusu vidonge bandia. Wa bandia walipatwa na matukio makubwa 27. Wa dawa, mawili. Ikabidi wasimamishe mapema, maana kuendelea kuwanyima wenzao kungekuwa ukatili.

#13 Jogoo la Zamu

Roosevelt alikuwa na Hitler kichwani. Mimi nina mkopo tu.

#14 Fundi Saa

Mkopo wengine unawaua haraka kuliko Hitler.

#15 Mkono wa Kushoto

Sijawahi kuchangia jukwaa hili, huwa nasoma tu. Nimeona leo niandike.

Niligundulika nikiwa na 41, nikapewa amlodipini. Namba zikashuka vizuri hadi 128/80. Nikajiambia nimepona. Miguu ilikuwa inavimba kwenye vifundo, nikasikia dawa ndiyo inayofanya hivyo (na ni kweli, hiyo dawa ina tabia hiyo), nikaacha. Kliniki sikuwaambia. Walipokuwa wananipangia tarehe nilikuwa nameza siku tatu kabla ili namba ipendeze, kama mtoto anayefagia chumba mama akikaribia. Miaka mitatu.

Asubuhi moja vifungo vya shati vikanishinda. Nilikuwa nakiona kifungo, nakiona na tundu lake, ila vidole vya mkono wa kulia havifuati amri. Nikamwita mke wangu, yakatoka maneno ambayo hata mimi sikuyaelewa. Yeye alinitazama usoni akaona upande mmoja umelegea, hakunipa maji wala hakunilaza nipumzike, alinipakia moja kwa moja hospitali. Wanasema hilo ndilo lililoniokoa na mengi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina saa chache tu za kufanya kazi, na saa zinahesabiwa tangu dalili ilipoanza.

Kutembea natembea. Maneno yamerudi karibu yote. Naandika kwa mkono wa kushoto, mkiona makosa mnisamehe.

Ile miguu kuvimba ilikuwa na ufumbuzi. Daktari aliyenipokea alibadilisha dawa kwa sekunde kumi za kuandika.

#16 Winga Mkongwe

Pole sana ndugu. Nimeisoma mara mbili, na nimemsomea mke wangu.

#17 Kipepeo Mweusi

Pole mkuu. Hicho cha kumeza siku tatu kabla ya kliniki nakijua, baba yangu anafanya. Leo nampigia.

#18 Nuru ya Asili

Poleni, lakini hapa ndipo ninaposema vidonge vya hospitali ni sumu. Ukianza huachi. Kuna mizizi na majani yanayosafisha mishipa bila madhara.

#19 Msomi wa Kale

Nuru, kwenye sumu umekaribia ukweli kuliko unavyojua. Kundi zima la dawa za presha lilianzia kwenye sumu ya nyoka wa Brazili, jararaca. Aliyeumwa naye presha hushuka ghafla. Sérgio Ferreira, mtafiti wa hukohuko Brazili, akaichambua sumu hiyo miaka ya 1960, na kutoka hapo watengenezaji wakapata kaptoprili, iliyoruhusiwa Marekani 1981. Enalaprili ni mdogo wake. Kwa hiyo uasilia unao, tena wenye meno.

#20 Nesi wa Usiku

Na mimi niongeze. "Ukianza huachi" watu wanalisema kama vile dawa ndiyo iliyokufunga. Miwani ya Winga nayo akianza hataacha, na hakuna anayesema miwani imemfanya mtumwa. Presha inabaki chini kwa sababu dawa iko kazini. Ukiiondoa inarudi ilipokuwa. Kuna watu wamepunguza uzito, chumvi na pombe, wakapunguziwa dozi, na wachache wakaacha kabisa, lakini kwa kupimwa na daktari akiangalia.

Enalaprili inaweza kukupa kikohozi kikavu cha kuudhi, nacho tunasikia kwa majirani kabla ya kusikia kwa mgonjwa. Sema. Makundi ya dawa yako mengi na zipo za kubadilishia.

Mizizi sitaitukana. Ninachouliza ni kimoja: namba ilikuwa ngapi kabla, na ngapi baada ya mwezi?

#21 Winga Mkongwe

Nimerudi wadau. Nimenunua mashine ya nyumbani, ya mkononi, na sasa nataka kuitupa dirishani. Jana jioni: 158, dakika moja baadaye ikasoma 171, halafu 147, halafu 163. Hii ni mashine au bahati nasibu?

#22 Nesi wa Usiku

Niambie ulikuwa unafanya nini. Usinifiche.

#23 Winga Mkongwe

Nilikuwa kwenye kochi, nimekunja nne, mpira unaendelea kwenye televisheni, timu yangu imefungwa. Kahawa mkononi. Mkono mwingine, namaanisha.

#24 Nesi wa Usiku

Mungu wangu. Mashine haina kosa, imekupima wewe, kahawa na refa kwa pamoja.

Nisikilize, na wengine msikilize, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopewa ugonjwa wasio nao au wanaponyimwa walio nao. Hata sisi kazini tunakosea, foleni ikiwa ndefu mtu anapimwa akiwa bado anahema kutoka mlangoni.

Nusu saa kabla: kahawa, sigara, mazoezi, vyote kando. Nenda haja ndogo kwanza; kibofu kikijaa namba inapanda. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, uegemee, nyayo zote mbili sakafuni, usikunje nne. Mkono ulale juu ya meza, mkanda uwe usawa wa moyo. Mkono ukining'inia namba inapanda, ukiuinua juu ya bega inashuka. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, vidole viwili juu ya kiwiko. Kukunja mkono wa shati hadi ukakaza kama kamba nako ni kosa. Kisha tulia dakika tano. Kimya. Kuongea peke yake kunapandisha, na ndiyo maana ninyi mnaopiga soga na nesi wakati mashine inavuma mnajiharibia wenyewe.

Mkanda wenyewe uendane na mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ukweli. Nimewahi kuona mtu ameongezewa dozi mara mbili kwa sababu ya mkanda. Mashine za kifundo cha mkono (wanazopenda watu kwa sababu ni ndogo) zinayumba sana, nunua ya mkono wa juu iliyothibitishwa. Na zile programu za simu zinazodai kusoma presha kwa kuweka kidole kwenye kamera, achaneni nazo.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Ukikuta mmoja uko juu kwa zaidi ya 10, huo ndio utakaokuwa unautumia siku zote, na umwambie daktari. Baada ya hapo, siku saba: asubuhi kabla ya dawa na kifungua kinywa, mara mbili, zikipishana dakika moja, jioni hivyohivyo. Andika zote, usichague nzuri. Siku ya kwanza ifute, ni ya woga. Zilizobaki tafuta wastani. Nyumbani mpaka wetu ni 135/85, chini kidogo ya ule wa kliniki.

#25 Fundi Saa

Kwa nini nyumbani uwe chini?

#26 Nesi wa Usiku

Kwa sababu mbele ya koti jeupe watu wanaogopa. Wapo wenye 150 kliniki na 125 nyumbani kwao. Ila wapo na kinyume chake, na hao ndio wanaoninyima usingizi: kliniki 132, anaondoka na pongezi, kumbe nyumbani na kazini anaishi na 150. Ukiwa na mashaka kuna mashine unavaa saa 24, inakupima hata ukiwa umelala. Presha ya mtu mzima inatakiwa ishuke usiku. Isiyoshuka inatuambia kitu, mara nyingi figo, au yule anayekoroma na kukata pumzi usingizini.

#27 Mama Wawili

Nesi, kukoroma ni mume wangu, mimi nina langu. Ile mimba niliyosema ilikuwa na kifafa cha mimba, walinizalisha wiki ya 34. Baada ya wiki sita walinipima wakasema presha imerudi kawaida, nenda nyumbani. Basi. Nimesoma uzi huu hadi hapa nikajiuliza kama ile ilikuwa imeisha kweli.

#28 Nesi wa Usiku

Mama Wawili, asante kuuliza, na samahani kwa niaba ya wote ambao hawakukwambia. Mwanamke aliyepata presha au kifafa cha mimba anabeba uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha, kiharusi na ugonjwa wa moyo baadaye, hata kama namba zilirudi chini baada ya kujifungua. Anatakiwa apimwe kila mwaka, maisha yake yote. Tena ukifika kliniki uanze wewe kulitaja, usisubiri kuulizwa, kwa sababu wengi hatuulizi.

Na kwa kuwa tuko kwa wanawake: shambulio la moyo si lazima liwe mtu ameshika kifua kama kwenye maigizo. Kwa wanawake hasa linaweza kuja kama kuishiwa pumzi, kichefuchefu, maumivu ya taya au mgongo, uchovu usio na maelezo, jasho baridi. Wanalala nalo nyumbani wakidhani ni tumbo.

#29 Fundi Saa

Nimewahi kusoma utafiti wa vinyozi wa Los Angeles, uliochapishwa 2018. Wanaume weusi wasiokanyaga kliniki, lakini kwa kinyozi hawakosi. Maduka 52 ya vinyozi yakahusishwa, wateja 319 wenye presha ya juu. Kwenye baadhi ya maduka hayo, mfamasia alikuwa anakuja palepale kwenye kiti kupima na kuandika dawa. Baada ya miezi sita namba ya juu ilishuka kwa wastani wa 27. Kwa wenzao ambao kinyozi aliwahimiza tu waende kwa daktari, ilishuka 9. Wanaume tunapenda kufuatwa.

#30 Kipepeo Mweusi

Tunapenda kufuatwa, tena tukiwa tumekaa. Leo nimepima: 122/79. Baba 164/92, amekiri kila kitu kwenye simu, ataenda kesho.

#31 Mama Wawili

Siku saba zimeisha, nimefuata maelekezo yote hadi la kibofu. Wastani 138/88. Nina miaka 36. Nimeweka miadi.

#32 Jogoo la Zamu

Haya, binti yangu kaniletea mashine, maana naye anausoma uzi huu bila kuniambia. Nimekaa kama mnavyotaka, nyayo chini, kimya kama msibani. Mkono wa kulia 118/76, wa kushoto 116/75. Nani anacheka sasa?

#33 Nesi wa Usiku

Mimi nacheka, kwa furaha. Hongera kaka. Iandike mahali, tuonane mwakani.

#34 Winga Mkongwe

Marejesho yangu. Diklofenaki nimeacha, daktari kanipeleka kwa mtu wa mazoezi ya viungo kwa ajili ya goti. Wiki ya kupima vizuri wastani ulikuja 151/94, kwa hiyo kahawa na refa walikuwa na sehemu yao, ila sehemu kubwa ni yangu. Mkojo una protini kidogo. Moyo kwenye michirizi umeanza kuonyesha unene. Nimepewa kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani kwa dozi ndogo, na nimeambiwa chumvi yote ya siku, pamoja na ile iliyojificha kwenye vyakula vya pakiti, isizidi gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai. Nilikuwa namaliza hicho kwa mlo mmoja. Mpira sijakatazwa.

Wiki ya tano leo: 131/82.

#35 Mkono wa Kushoto

Safi Winga. Ikifika 120 usijiambie umepona.

#36 Jogoo la Zamu

Nesi upo?

Ile mashine tumeiacha mezani, tukawa tunacheza nayo baada ya chakula. Mke wangu naye akajifunga, ikasoma 187/109. Amesema anajisikia vizuri kabisa, anacheka. Nimemwambia arudie, 181/106.

#37 Nesi wa Usiku

Nipo. Muulize kwanza: kifua, pumzi, macho kuona ukungu, ganzi au udhaifu upande mmoja, maneno kumtoka vizuri? Kikiwepo hata kimoja, usinijibu humu, mpeleke hospitali sasa hivi.

#38 Jogoo la Zamu

Hakuna. Anasema hakuna hata kimoja, na anasema tunamsumbua.

#39 Nesi wa Usiku

Sawa. Mwambie aende haja ndogo, akae kwenye kiti, mkono mezani, zima televisheni. Dakika tano bila neno, hata wewe. Halafu mikono yote miwili, uniandikie hapa. Vyovyote itakavyosoma, kesho asubuhi aonane na daktari, na mkimuona amebadilika usiku huu msingoje asubuhi. Nasubiri.